Hadithi ya Jinai ya Kimarekani: Toka Fumbo la Chumbani hadi Kesi ya Mji Mzima

0. Utangulizi

Katika idara zetu za lugha na fasihi, riwaya ya upelelezi haijapewa kiti cha heshima. Wanafunzi huisoma usiku, walimu huisoma safarini, lakini saa ya kuchagua mada ya tasnifu ikifika, kila mmoja huikana kama Petro alivyomkana bwana wake. Sababu inayotolewa ni ile ile: kwamba hiyo ni riwaya pendwa, kitu cha kupitishia wakati, kisicho na fundisho wala sanaa. Makala haya yanakusudia kuipima hukumu hiyo kwa kufuata historia ya fasihi moja iliyosomwa na kutazamwa karibu kila pembe ya dunia, yaani hadithi ya jinai ya Kimarekani, katika vitabu, katika sinema na katika televisheni.

Maswali mawili yatatuongoza. La kwanza ni la historia: kwa njia gani hadithi hiyo, iliyoanza kama fumbo la kuchangamsha akili, ikawa chombo cha kuuliza ni nani anayeutawala mji na kwa faida ya nani? La pili ni la isimu: mageuzi hayo yalidai lugha ya namna gani? Tutajaribu kuonyesha kwamba maswali haya mawili yana jibu moja. Mwandishi hawezi kumshitaki mwenye nguvu kwa lugha aliyoazima kwa mwenye nguvu huyo huyo. Kwa msomaji wa Kongo, ambaye kila siku hugawanyika kati ya Kiswahili cha darasani na Kiswahili cha mtaani, jambo hili si la Wamarekani peke yao.

1. Fumbo la chumba kilichofungwa

Mwaka 1841, katika gazeti la Graham's Magazine lililochapishwa Philadelphia, Edgar Allan Poe alitoa hadithi yenye jina la The Murders in the Rue Morgue. Wanawake wawili wameuawa ndani ya nyumba ambayo milango na madirisha yake yanaonekana kufungwa, polisi wamekwama, ndipo bwana mmoja, Dupin, asiyekuwa na kazi nyingine ila kusoma na kutafakari, anafumbua jambo kwa nguvu za akili yake. Wataalamu wengi huihesabu hadithi hiyo kuwa mama wa hadithi zote za upelelezi.

Yafaa tuangalie jambo moja ambalo mara nyingi hupitwa haraka. Mwandishi ni Mmarekani, gazeti ni la Marekani, lakini mji wa hadithi ni Paris, mji ambao Poe hakupata kuukanyaga. Kwa hiyo hadithi ya upelelezi ilizaliwa bila mji wake. Mahali palikuwa pazia tu la kuning'iniza fumbo. Waingereza walipoupokea mfano huo, Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes mwaka 1887, na baadaye Agatha Christie akaanza kuchapisha riwaya zake mwaka 1920. Ingawa kila mmoja alikuwa na ufundi wake, msingi wa imani yao ulikuwa mmoja: jamii ni mwili wenye afya, mwuaji ni jipu. Mpelelezi akishalitumbua jipu, mwili hupona na chai huendelea kunywewa.

Ni mfano huo wa Kiingereza uliokuja kwanza katika riwaya ya Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kiko mdomoni na rafiki wa kumsindikiza, Najum, kama vile Holmes alivyokuwa na Watson wake. Tutarudi kwa wapelelezi wa Kiswahili mwishoni. Kwa sasa tuvuke bahari, tuone jinsi Wamarekani wenyewe walivyouacha mfano ambao mmoja wao ndiye aliyeuanzisha.

2. Sheria inapozaa wahalifu

Tarehe 17 Januari 1920, marufuku ya kutengeneza, kusafirisha na kuuza pombe ilianza kutumika katika Marekani nzima. Ilidumu hadi tarehe 5 Desemba 1933. Nia ya waliyoitunga ilikuwa kuokoa familia. Matokeo yake yalikuwa mengine. Watu hawakuacha kunywa. Biashara iliyokuwa halali jana iliangukia mikononi mwa magenge, na magenge hayo, kwa kuwa yalikuwa na fedha nyingi, yaliwanunua polisi, mahakimu na madiwani. Raia wa kawaida alijikuta kila Jumamosi akivunja sheria pamoja na askari aliyeapa kuilinda.

Mji wa Chicago ulikuwa kielelezo. Tarehe 14 Februari 1929, watu saba walipangwa ukutani katika gereji moja wakapigwa risasi. Baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Al Capone, aliyejulikana na wote kuwa mkuu wa magenge ya mji huo, alipatikana na hatia mwaka 1931, lakini si kwa damu yoyote iliyomwagika: alifungwa kwa kutolipa kodi. Katika nchi ya namna hiyo, hadithi ya jipu moja katika mwili wenye afya haikuweza tena kuaminiwa.

Waliotoa jibu la kwanza hawakuwa watu wa vyuo. Walikuwa waandishi wa magazeti ya bei ndogo, yaliyochapishwa juu ya karatasi duni na kuuzwa mitaani. Moja kati ya hayo, Black Mask, lilianzishwa mwaka 1920 na H. L. Mencken na George Jean Nathan, mabwana wawili wa fasihi ya juu, ili faida yake isaidie gazeti lao lingine la heshima zaidi. Tunaona hapa kinyume cha ajabu: ile iitwayo fasihi duni ndiyo iliyolisha ile iitwayo fasihi bora. Toka mwaka 1926, chini ya mhariri Joseph Shaw, gazeti hilo likawa shule ya mtindo mpya.

Mwanafunzi mkuu wa shule hiyo alikuwa Dashiell Hammett (1894-1961). Huyu hakuujua upelelezi vitabuni. Alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya wapelelezi ya Pinkerton, ambayo pamoja na kuwafuata wezi ilikodiwa mara nyingi na matajiri kuvunja migomo ya wafanyakazi. Riwaya yake ya kwanza, Red Harvest, ilitoka mwaka 1929. Mji wake unaitwa Personville, lakini wenyeji wanautamka kwa namna inayougeuza kuwa mji wa sumu. Ni mji wa migodi. Mwenye kampuni, mzee Elihu Willsson, aliwaleta majambazi ili wavunje mgomo. Mgomo ulivunjika, lakini majambazi hawakuondoka. Walibaki na mji kama mshahara wao.

Wachunguzi wengi wanauona nyuma ya Personville mji wa shaba wa Butte, jimbo la Montana, ambako mwaka 1917 mwanachama na mratibu wa chama cha wafanyakazi, Frank Little, alitolewa kitandani usiku akanyongwa. Msomaji wa Katanga, aliyerithi kumbukumbu ya risasi zilizopigwa juu ya wagomaji wa Union Minière mjini Élisabethville mwezi Desemba 1941, hahitaji maelezo marefu ili aelewe riwaya hiyo inasema nini. Shaba ni ile ile, na anayeilipia kwa damu ni yule yule.

Hapo ndipo swali la hadithi lilipogeuka. Poe aliuliza: nani ameua? Hammett anauliza: nani aliwaita wauaji, na kwa nini hawaondoki? Wahenga wetu wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Mpelelezi wa zamani alimtafuta adui ndani ya chumba. Huyu mpya anamkuta ndani ya nguo ya mji wenyewe, mara nyingi katika kanzu ya mtu anayemlipa.

Yafaa kuongeza kwamba Hammett aliuishi msimamo wake. Mwaka 1951 alifungwa jela miezi kadhaa kwa sababu alikataa kuitajia mahakama majina ya watu waliochangia mfuko wa dhamana wa chama cha kutetea haki za raia.

3. Lugha ya mtaa inapanda mimbari

Swali jipya lilidai sauti mpya. Dupin na Holmes walizungumza kama wahadhiri. Kila mwisho wa hadithi hutoa somo. Mpelelezi wa Hammett huzungumza kama mtu wa kazi. Sentensi zake ni fupi. Hataji hisia zake. Hutaja anachokiona: mkono, kofia, glasi, bei. Maneno yake ni ya wachuuzi, wachezaji kamari, madereva na askari. Katika The Maltese Falcon (1930), msimulizi haingii kamwe moyoni mwa mtu yeyote. Tunamjua kila mmoja kwa tendo na usemi wake tu, kama shahidi mahakamani.

Raymond Chandler (1888-1959) aliyaendeleza hayo kwa njia ya peke yake. Alizaliwa Chicago lakini alisomeshwa Uingereza, katika shule ya Kilatini na Kigiriki. Aliporudi Marekani ilimbidi ajifunze Kiingereza cha nchi yake karibu kama lugha ya kigeni. Alifanya kazi katika makampuni ya mafuta ya Los Angeles, akafukuzwa mwaka 1932, ndipo akaanza kuandikia magazeti ya bei ndogo. Riwaya yake ya kwanza, The Big Sleep, ilitoka mwaka 1939 alipokuwa amepita umri wa miaka hamsini. Mwaka 1944, katika insha yake The Simple Art of Murder, alieleza kuwa sifa ya Hammett ni kuyarudisha mauaji kwa watu wanaoua kwa sababu zao za kweli, na kuwaacha watu hao wazungumze lugha wanayoizungumza kila siku. Kwa maneno yetu ya isimu: alikataa kuwavika wahusika rejesta isiyo yao.

Tusidhani kwamba kufanya hivyo ni kunakili tu. Lugha ya mtaa inapoingia kitabuni huchujwa, hupimwa, hupewa mwendo. Chandler, mgeni katika lugha hiyo, aliisikia vizuri kuliko wengi waliozaliwa nayo, kwa sababu hakuna neno lililompita bila kulitazama. Kwa hiyo si kweli kwamba lugha ya mtaani ni ya wavivu wasiojua lugha sanifu.

Sisi wasomaji wa Kongo tuliifikia fasihi hiyo kwa njia ndefu. Mwaka 1945, Marcel Duhamel alianzisha katika shirika la Gallimard mjini Paris mfululizo wa Série Noire, vitabu vyenye jalada jeusi na manjano vilivyoenea katika nchi zote zisomazo Kifaransa. Watafsiri wake waliigeuza lugha ya mitaa ya Los Angeles kuwa lugha ya mitaa ya Paris, na mara nyingi walikata kurasa ili kitabu kilingane na kipimo cha mfululizo. Tena, waandishi wa vitabu vya kwanza kabisa, Peter Cheyney na James Hadley Chase, walikuwa Waingereza. Chase, aliyesomwa mno katika Afrika yetu, aliiandika Marekani akiwa mbali nayo, kwa msaada wa ramani na kamusi za lugha ya mtaani. Hivyo Marekani tuliyoisoma ujanani ilikuwa mara nyingi Marekani ya Mwingereza katika kinywa cha Mparisi.

4. Sinema: adhabu na kivuli

Sinema ilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, jambazi alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuzungumza. Little Caesar na The Public Enemy zilitoka mwaka 1931, Scarface mwaka 1932. Hadithi ni moja: kijana wa familia ya wahamiaji, asiye na shule, anapanda ngazi kwa bastola, anavaa suti nzuri, kisha anaanguka. Nchi ilikuwa katika njaa ya mdororo wa uchumi. Watazamaji walioachishwa kazi walijua kwamba kijana yule ni mbaya, ila hawakuweza kuikana njaa yake.

Wakubwa wa dini na siasa waliogopa. Kanuni za maadili ya filamu, zilizokuwa zimeandikwa mwaka 1930, zilianza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, na zikadumu hadi mwaka 1968. Kwa mujibu wake, uhalifu haukuruhusiwa kufaulu wala sheria kudhihakiwa. Kwa Kiswahili twaweza kusema kwamba methali ya siku za mwizi ni arobaini ilifanywa kuwa amri ya serikali ya Hollywood: kabla ya taa kuwashwa, ya arobaini lazima itimie.

Lakini mlango mmoja ukifungwa, maji hutafuta ufa. Yasiyoweza kusemwa yalianza kuonyeshwa kwa kivuli. Waongozaji waliomkimbia Hitler, kama Fritz Lang, Billy Wilder na Robert Siodmak, walikuja na ufundi wa mwanga na giza walioujua Berlin. John Huston aliiweka The Maltese Falcon katika filamu mwaka 1941, na Humphrey Bogart akawa uso wa mpelelezi. Mwaka 1944 Wilder na Chandler waliandika pamoja Double Indemnity kutokana na hadithi ya James Cain. Humo mwuaji si jambazi wala mgeni. Ni wakala wa bima, mtu mwenye tai na mshahara, na anakiri tangu mwanzo wa filamu. Kanuni zimetiiwa, maana mkosaji anaangamia. Lakini mtazamaji anatoka akijiuliza kama jirani yake, au yeye mwenyewe, yuko salama.

Wakati wa vita filamu hizo hazikuonyeshwa Ufaransa. Zilipofika zote kwa pamoja mwaka 1946, mhakiki Nino Frank aliuona ule weusi ulio ndani yake na kuzipa jina la Kifaransa linalotumika hadi leo hata na Wamarekani: film noir. Huu ni mfano mzuri wa jinsi mgeni anavyoweza kumtajia mwenyeji jina la ugonjwa wake.

5. Harlem kwa njia ya Paris

Hadi hapa mtu mweusi amekuwa akipita nyuma ya jukwaa, akibeba mizigo au akifungua mlango. Wa kwanza kumpa riwaya nzima ya upelelezi alikuwa Rudolph Fisher, daktari wa tiba na mwandishi wa Harlem, katika The Conjure-Man Dies ya mwaka 1932. Mpelelezi ni mweusi, daktari ni mweusi, washukiwa ni weusi. Na katikati ya fumbo yupo Mwafrika, Frimbo, mtu wa ukoo wa kifalme aliyesoma Harvard na anayewapigia ramli watu wa mji. Fisher alifariki mwaka 1934 bila kuandika riwaya nyingine ya aina hiyo.

Njia ilifunguliwa tena na Chester Himes (1909-1984), naye alilijua gereza kama Hammett alivyoujua upelelezi. Mwaka 1928 alihukumiwa miaka 20 hadi 25 kwa wizi wa kutumia silaha katika jimbo la Ohio. Alianza kuandika humo humo gerezani, akaachiliwa mwaka 1936. Riwaya zake za kwanza, zenye hasira juu ya ubaguzi, hazikumpatia riziki nchini mwake. Mwaka 1953 alihamia Ufaransa. Huko, Duhamel wa Série Noire, ambaye alikuwa amekwisha kutafsiri kitabu chake kimoja, alimwomba aandike riwaya ya upelelezi. Matokeo yake ni For Love of Imabelle (1957), ambayo katika Kifaransa iliitwa La Reine des pommes na mwaka 1958 ikapewa tuzo kuu ya fasihi ya upelelezi ya Ufaransa.

Mashujaa wake, Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, ni polisi wawili weusi katika Harlem. Hali yao ndiyo kiini cha kazi nzima. Wanaitumikia sheria ambayo haiwaheshimu, mbele ya watu wao wasioiamini sheria hiyo. Wanapiga, wanafyatua, wanacheka, lakini kila kitabu kinapita kingine kwa giza. Katika Blind Man with a Pistol (1969), mauaji hayafumbuliwi kamwe, na riwaya inaishia kwa kipofu anayefyatua bastola ndani ya treni. Himes aliichukua hadithi ya upelelezi mpaka pale isipoweza tena kutoa jibu, kwa sababu mwenye hatia si mtu mmoja awezaye kufungwa pingu.

6. Televisheni: polisi akisimulia habari zake

Televisheni ilikuja na jambo jipya: mhalifu na askari waliingia sebuleni kila juma. Mfano mkubwa wa mwanzo ni Dragnet ya Jack Webb, iliyoanza redioni mwaka 1949 na kuonekana katika televisheni toka mwaka 1951. Visa vyake vilitokana na majalada ya polisi ya Los Angeles, na idara hiyo yenyewe iliisoma miswada kabla haijapigwa picha. Sajini Joe Friday hana mke wa kugombana naye wala rushwa ya kupokea. Hukusanya habari, hukamata, hurudi ofisini. Mtindo wa maneno machache uliokuwa wa Hammett sasa ulivaa sare: ulikuwa umeshitaki wakubwa, sasa uliwatetea.

Mwezi Agosti 1965, mtaa wa Watts wa mji huo huo uliwaka moto kwa siku sita baada ya polisi kumkamata dereva mmoja mweusi. Watu 34 walikufa. Wakazi wa Watts waliwajua polisi ambao hawakuonekana kamwe katika Dragnet. Hapa historia inatupa kipimo ambacho mhakiki hawezi kukikwepa: hadithi ya jinai ni kazi ya sanaa, lakini pia ni ushahidi, na ushahidi huulizwa ulitolewa na nani na kwa mkono wa nani.

Si kazi zote za televisheni zilizokuwa tarumbeta ya polisi. Columbo, iliyoonyeshwa mfululizo toka mwaka 1971 hadi 1978 na kuendelea baadaye, ililipindua fumbo. Mtazamaji anamjua mwuaji tangu mwanzo, na mwuaji karibu kila mara ni mtu wa jumba kubwa. Utamu uliobaki ni kumwona askari mwenye koti la mikunjo akimchosha bwana mkubwa kwa maswali. Hill Street Blues (1981-1987) nayo ilionyesha kituo cha polisi chenye kelele, uchovu na makosa, ambamo kesi moja haimalizwi ila nyingine tatu zimefunguliwa.

7. Mji wenyewe kizimbani

Toka miaka ya 1970, mstari wa Hammett ulirudi kwa nguvu. Filamu ya Chinatown (1974) ina mpelelezi, mke na mauaji, lakini siri yake ni maji. Ilichota katika historia ya kweli ya Los Angeles, mji ulioyavuta maji ya bonde la Owens kwa mfereji wa zaidi ya kilometa 370, uliofunguliwa mwaka 1913. Mpelelezi anafumbua kila kitu, wala hakuna kinachobadilika. Tajiri anabaki na maji, na ardhi, na mtoto.

Wanawake walidai nao haki ya kuuliza maswali. Marcia Muller alitangulia mwaka 1977. Mwaka 1982 Sue Grafton na Sara Paretsky walileta wapelelezi wao wa kike, na mpelelezi wa Paretsky, V. I. Warshawski wa Chicago, alizielekeza kesi zake kwenye makampuni na vyama vilivyooza. Mwaka 1990, Walter Mosley, katika Devil in a Blue Dress, alimrudisha msomaji Los Angeles ya mwaka 1948 kwa macho ya Easy Rawlins, askari mweusi aliyerudi vitani, aliyepoteza kazi kiwandani na anayeogopa kunyang'anywa nyumba yake. Mitaa ni ile ya Chandler, lakini milango inayofunguliwa si ile ile.

Kilele cha safari hii, kwa maoni yetu, ni The Wire, iliyoonyeshwa toka mwaka 2002 hadi 2008 katika sehemu 60. David Simon alikuwa mwandishi wa habari katika mji wa Baltimore. Mwenzake Ed Burns alikuwa polisi, kisha mwalimu. Kila msimu wa kazi yao unafungua idara moja ya mji: biashara ya madawa ya kulevya, bandari, siasa, shule, gazeti. Hakuna mwuaji mmoja wa kutafutwa. Anayeshitakiwa ni mpango mzima unaomfanya askari apike takwimu, mwalimu afundishe mtihani tu, na mtoto mwenye akili auze unga kwenye kona. Na vijana wa kona wanazungumza lugha yao bila mkalimani. Mtazamaji wa Kimarekani mwenyewe alilazimika kutega sikio.

Mwezi Mei 2020, George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis, na picha zikaenea duniani. Maswali ambayo Himes aliyaandika zaidi ya miaka 50 kabla yaliulizwa barabarani, na watengenezaji wa tamthilia za polisi walilazimika kueleza ni picha gani ya askari waliyoiuza kwa miaka mingi. Kwa hiyo mjadala wa Dragnet na Watts haujafungwa.

8. Nasi je?

Riwaya ya Kiswahili haikubaki nyuma ya Bwana Msa. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), na katika Kikosi cha Kisasi akamtembeza hadi Kinshasa. Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango. Wahakiki wameziweka kazi hizi katika kapu la riwaya pendwa, na kweli nyingine zina kasoro: shujaa hashindwi, warembo ni wengi mno, adui hutoka ng'ambo daima. Lakini kasoro za vitabu fulani si hukumu juu ya utanzu wote. Black Mask nalo lilijaa takataka. Humo humo alitoka Hammett.

Kwa upande wa Kongo, malighafi ipo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, waliojiita Bills kwa kuiga filamu za Kimarekani, walijiundia usemi wao. Na Lubumbashi ilipata Kindubile chake. Hizi ni lugha zilizozaliwa pale pale ambapo hadithi ya jinai huzaliwa, yaani mjini, kati ya sheria isiyoaminika na njaa isiyongoja. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville kwa Kiswahili cha wafanyakazi wa nyumbani, bila kuomba ruhusa ya sarufi ya mtu, na leo wanahistoria wanaisoma kwa makini. Mwaka 2010, Djo Tunda wa Munga alionyesha katika filamu ya Viva Riva! kwamba Kinshasa yaweza kubeba hadithi ya jinai kwa Lingala na Kifaransa. Kiswahili cha mashariki na kusini mwa nchi kina uwezo huo huo.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba hadithi ya jinai ya Kimarekani ilianza kama mchezo wa akili katika mji wa kuazima. Ilipata ukubwa wake siku ilipokubali mambo mawili kwa pamoja: kuutazama mji wake yenyewe, na kuuzungumza kwa kinywa cha wakazi wake. Kila ilipotenganisha mambo hayo ilipungua. Dragnet ilikuwa na usemi wa mtaa bila ukweli wa mtaa, na Watts ikaisuta.

Kwa waalimu wa Kiswahili somo ni la vitendo. Tukimfundisha mwanafunzi kwamba Kiswahili sanifu ndicho peke yake kiwezacho kuandikwa, tunampa lugha ya kutungia barua za maombi kwa mkubwa, si lugha ya kumhojia mkubwa huyo. Sanifu tunaihitaji: ndiyo inayotuunganisha na Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura, na makala haya yenyewe yameandikwa kwayo. Lakini shahidi wa mauaji ya Kenya au Katuba, anaposimama mbele ya askari, hasemi hivi tunavyoandika. Mwandishi atakayemwacha aseme kwa sauti yake, na kuipanga sauti hiyo kwa ufundi kama Chandler alivyopanga ya Los Angeles, hatakuwa ameshusha hadhi ya Kiswahili. Atakuwa amekipa kazi ambayo bado kinadaiwa: kuuliza, kwa jina na kwa mtaa, nani aliwaita wauaji na kwa nini hawaondoki.